Namna ya Kufundisha Uchambuzi wa Kimuundo wa Visasili na Dini

Mwalimu anayepangiwa kufundisha nadharia ya umuundo katika somo la dini, anthropolojia au fasihi simulizi kwa kawaida huanzia pale vinapoanzia vitabu vya kiada: mihadhara ya mwanaisimu Ferdinand de Saussure iliyochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, kisha kiashiria na kiashiriwa, kisha mfumo wa lugha na matumizi yake, na hatimaye mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss. Mpangilio huo ni sahihi kihistoria, lakini darasani huzaa wanafunzi wanaoweza kutaja fasili zote za nadharia ilhali hawajawahi kukaa na kisasili hata kimoja, yaani simulizi ya jadi kuhusu asili ya mambo, wakakichambua mpaka kikawapa jibu ambalo hawakulitarajia. Mwongozo huu unafuata njia iliyo kinyume: uchambuzi kwanza, nadharia baadaye, na ukosoaji mwishoni, ila ukosoaji huo upewe muda wa kutosha.

Sababu ya kupanga hivyo ni moja, nayo inatawala kila hatua inayofuata. Umuundo ni mbinu ya kulinganisha. Haudai kwamba maana ya kisasili imefichwa ndani ya tukio fulani au mhusika fulani. Unadai kwamba maana inatokana na uhusiano uliopo kati ya vipengele, na uhusiano huo huonekana pale kipengele kimoja kinapobadilika na vingine vikabadilika pamoja nacho. Mwanafunzi aliyepewa simulizi moja tu hana namna ya kuyaona mabadiliko hayo. Ataorodhesha jozi kinzani anazozipenda, mwanga na giza, juu na chini, mume na mke, na hakuna chochote katika matini kitakachomsahihisha. Aliyepewa matoleo matatu hubanwa: akidai kwamba jozi fulani ndiyo nguzo ya simulizi, toleo la pili litamuunga mkono au litamkana. Kwa hiyo usianze kamwe somo hili kwa kisasili kimoja, hata kama ni kile maarufu ambacho kila kitabu cha kiada kimekitumia.

Kuchagua simulizi za kuanzia

Simulizi za kuanzia ziwe fupi kiasi cha kusomwa kwa sauti darasani kwa dakika chache, ziwe zimetoka katika jamii zinazopakana au zilizokuwa zikikutana, zijulikane zilikusanywa na nani na lini, na zisiwe matini takatifu kwa mwanafunzi yeyote aliyepo. Kundi linalotimiza masharti hayo vizuri ni simulizi za asili ya kifo zilizokusanywa kusini mwa Afrika katika karne ya 19. Nitalitumia hapa kwa kirefu, kwa sababu mwalimu hunufaika zaidi na mfano mmoja uliofuatwa hadi mwisho kuliko mifano mingi iliyoguswa juu juu.

Toleo la kwanza ni la Wazulu, lililoandikwa na mmisionari Henry Callaway. Unkulunkulu, yaani muumba, alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba wasife. Kinyonga akaenda polepole, akakawia njiani akila matunda ya kichaka. Baadaye Unkulunkulu akamtuma mjusi aseme kwamba watu wafe. Mjusi akakimbia, akatangulia kufika, akalitoa neno lake. Kinyonga alipowasili, watu wakamjibu kwamba wamekwisha kulipokea neno la mjusi na hawawezi kulisikia jingine.

Toleo la pili ni la Wakhoekhoe, na mwanaisimu Wilhelm Bleek alilichapisha mwaka 1864. Mwezi alimtuma mdudu kwa watu na ujumbe huu: kama mimi ninavyokufa na katika kufa nikaishi, vivyo hivyo nanyi mtakufa na katika kufa mtaishi. Sungura akampita mdudu njiani, akamuuliza anakwenda wapi, akamwambia kwamba kwa kuwa yeye si mkimbiaji, ujumbe ni bora apewe sungura. Sungura alipofika kwa watu akasema kwamba mwezi hufa na kuangamia, nao watakufa na kuisha kabisa. Mwezi aliposikia aliyoyasema alikasirika, akampiga puani kwa kipande cha ukuni, na tangu siku hiyo pua ya sungura imepasuka.

Toleo la tatu ni la watu wa /Xam, jamii ya Wasan. Bleek na Lucy Lloyd waliandika masimulizi ya watu hao katika miaka ya 1870, na mkusanyo uliolibeba toleo hili ukachapishwa mwaka 1911. Sungura mdogo, ambaye enzi hizo alikuwa mtu, anamlilia mama yake aliyekufa. Mwezi anamwambia anyamaze, kwa kuwa mama yake hakufa moja kwa moja na atarudi kama mwezi unavyorudi. Sungura anakataa kusadiki. Anashikilia kwamba mama yake amekufa kabisa. Mwezi unakasirika, unampiga mdomoni hadi ukapasuka, na unaamuru kwamba watu watakufa wasirudi tena.

Usiligawe toleo la tatu mapema. Lina kazi yake, nitakayoieleza baadaye kidogo.

Kazi ya kadi na jedwali

Lévi-Strauss mwenyewe alipendekeza kwamba simulizi ivunjwe katika sentensi fupi kadiri inavyowezekana, na kila sentensi iandikwe kwenye kadi yenye namba inayoonyesha mahali pake katika mfuatano wa matukio. Fanyeni hivyo hivyo. Wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu watatu au wanne, kila kikundi kipewe toleo la kwanza na la pili, na sharti liwe moja: kila kadi iseme nani anamfanyia nani nini. Kadi inayosema “uvivu wa kinyonga” irudishwe, kwa sababu imekwisha kutoa hukumu kabla ya kueleza tukio. Kadi inayosema “kinyonga anasimama njiani kula matunda” ikubaliwe. Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha uchambuzi na mahubiri, na inafaa kuisimamia kwa ukali.

Kadi zikiwa tayari, zipangwe ubaoni. Kila toleo liwe na mstari wake wa mlalo, na kadi zinazofanana kwa kazi ziwekwe katika safu moja ya wima, hata kama zimetokea katika nyakati tofauti za simulizi. Hapa ndipo wanafunzi wanapoelewa kwa macho yao kwamba kuna njia mbili za kusoma: kwa mlalo tunasimuliana hadithi, na kwa wima tunaona uhusiano. Lévi-Strauss alilinganisha usomaji huo na karatasi ya muziki wa okestra, ambayo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia na wakati huohuo kutoka juu kwenda chini.

Waache wabishane kuhusu safu. Vikundi vingi hupata safu tano: mtumaji, ahadi, mbeba ujumbe, kosa na adhabu. Vingine huunganisha mbeba ujumbe na kosa. Mwalimu asiharakishe kutoa jibu, bali aulize swali moja kila mara: kipi kimebaki vilevile katika matoleo yote mawili, na kipi kimegeuka? Baada ya muda yafuatayo huanza kujitokeza. Katika matoleo yote mawili kiumbe wa polepole amebeba uhai na kiumbe wa haraka amebeba kifo. Hilo halikubadilika ingawa wanyama wamebadilika wote. Kilichobadilika ni ukweli wa neno la kifo. Neno la mjusi ni neno halali la aliyemtuma, lakini neno la sungura limepotoshwa. Kwa Wazulu zipo jumbe mbili za kweli zinazoshindana kwa mwendo, na kwa Wakhoekhoe ni ujumbe mmoja unaoharibiwa na ulimi.

Kisha waelekeze kwenye safu ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuitazama, yaani safu ya ahadi. Unkulunkulu anaahidi kwamba watu hawatakufa. Mwezi hauahidi hivyo. Unaahidi kwamba watu watakufa na kurudi. Mtumaji anayepotea na kuonekana tena angani anatoa uhai wa namna hiyohiyo, uhai unaokatika na kuunganika. Mtumaji na ahadi vinabadilika pamoja, na badiliko la kimoja linaeleza badiliko la kingine. Nikilazimika kuchagua jambo moja ambalo mwanafunzi lazima alione katika kipindi hiki, nitachagua hili, kwa kuwa hapo ndipo anapogundua kwamba tofauti kati ya matoleo si usahaulifu wa wasimulizi bali ina utaratibu.

Sasa ndipo toleo la tatu linapoingia, lakini kwa kipande. Wasomee mwanzo wake tu: sungura analia, na mwezi wenyewe unamwambia kwamba mama yake atarudi. Hakuna mjumbe. Waulize: ikiwa mjumbe ameondolewa, kosa litahamia wapi? Kikundi kilichojenga jedwali lake kwa uangalifu kitajibu kwamba limebaki upande wa msikilizaji. Soma sehemu iliyobaki, nao wataona kwamba ndivyo ilivyo. Kosa limehama kutoka miguuni kwa kinyonga, kwenda ulimini kwa sungura wa Wakhoekhoe, na sasa limefika masikioni mwa sungura anayekataa kusadiki. Wakilitazama tena toleo la Wazulu watagundua kwamba hata huko msikilizaji alikuwapo tangu mwanzo: watu wanalishika neno lililotangulia na kulikataa la kweli la uhai lililochelewa. Huyu anasadiki upesi mno, yule hasadiki kabisa.

Ni vyema mwalimu aseme wazi, palepale, kwamba zoezi hili halijathibitisha chochote kuhusu akili ya binadamu wote. Matoleo matatu yamechaguliwa na mwalimu, na uchaguzi huo ungeweza kupendelea jibu. Kazi ya nyumbani iwe kutafuta toleo la nne katika mikusanyo iliyochapishwa na kulileta darasani, hasa toleo linaloonekana kuvunja jedwali. Mwanafunzi anayeleta toleo gumu asifiwe kuliko anayeleta linaloingia bila shida.

Nadharia ipi ifuate, na kwa kiasi gani

Baada ya jedwali, Saussure na mwanaisimu mwenzake Roman Jakobson huhitaji muda mfupi sana. Andika ubaoni maneno “pata” na “bata”. Sauti /p/ haina maana yoyote ikiwa peke yake, wala /b/. Tofauti kati ya sauti isiyo na mghuno (mtetemo wa nyuzi za sauti) na sauti yenye mghuno ndiyo inayotenganisha maneno hayo. Lévi-Strauss alihudhuria mihadhara ya Jakobson mjini New York mwaka 1942, wote wawili wakiwa wakimbizi wa vita, na wazo alilolichukua ni hilo: kipengele hupata thamani yake kwa kutofautiana na vingine katika mfumo. Wanafunzi wamekwisha kuliona jambo hilo kwa kinyonga na mjusi, na sasa wanalipatia jina.

Makala ya Lévi-Strauss ya mwaka 1955 kuhusu uchunguzi wa kimuundo wa kisasili isomwe baada ya hapo, si kabla. Ndani yake mna mfano wa Oidipo, mfalme wa visasili vya Kigiriki aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua, uliopangwa katika safu nne: kuthamini mno uhusiano wa damu, kuudunisha mno, kuua mazimwi ya ardhini, na majina yanayoashiria ugumu wa kutembea wima. Mfano huu ni maarufu na ni hatari. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba aliutumia kuonyesha mbinu tu wala hakudai kuwa ni uchambuzi unaokidhi vigezo vya kitaaluma, na safu ya nne inategemea tafsiri za majina ambazo wataalamu wa Kigiriki wamezitilia shaka. Mwanafunzi akikutana na Oidipo kwanza atadhani kwamba mbinu ni ujanja wa kupanga safu zitakazotoa jibu la kupendeza. Akikutana naye baadaye ataweza kuuliza mwenyewe: matoleo mengine yako wapi?

Katika makala hiyohiyo limo dai ambalo halipaswi kupitwa haraka. Lévi-Strauss anasema kwamba hakuna toleo la asili ambalo mengine yote ni nakala zake zilizoharibika. Kisasili ni jumla ya matoleo yake yote, na hata ufafanuzi wa Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, juu ya Oidipo uhesabiwe miongoni mwa matoleo hayo. Hili ni geni kwa wanafunzi wa dini, waliozoea kuuliza matini ipi ni ya kale zaidi. James Frazer, aliyezilinganisha simulizi za kifo mwaka 1918, alizipanga ili aikisie hadithi ya awali iliyokuwa nyuma yake. Wape wanafunzi dakika za kutosha kulinganisha maswali hayo mawili, lile la Frazer na lile la Lévi-Strauss, kwa kutumia jedwali lao wenyewe.

Vladimir Propp, mtafiti wa fasihi simulizi wa Kirusi, naye huchanganywa mara nyingi na umuundo wa Lévi-Strauss. Kitabu chake cha mwaka 1928 kuhusu hadithi za ajabu za Kirusi kilibainisha kazi 31 za wahusika, nazo hufuatana kwa mpangilio uleule hata pale baadhi yake zinapokosekana. Propp husoma kwa mlalo. Tofauti hiyo ikielezwa mbele ya kadi zilizoko ubaoni hueleweka mara moja.

Kanuni ya kihisabati ambayo Lévi-Strauss aliitoa mwishoni mwa makala ya 1955 iachwe kwa wanafunzi wa shahada za juu. Wataalamu bado hawakubaliani kuhusu namna ya kuisoma, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atainakili bila kuielewa.

Hatua inayofuata iwe ni kisa cha Asdiwal, ambacho Lévi-Strauss alikichambua mwaka 1958 kutokana na matoleo ya Watsimshian wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Kanada yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia Franz Boas. Kisa hiki ndicho shule bora ya kujifunza kwamba uchambuzi hauwezi kufanyika bila ujuzi wa jamii husika. Simulizi inaanza wakati wa njaa, majira ya baridi, mto Skeena ukiwa umeganda. Mama anatoka upande mmoja wa mto na binti yake upande mwingine, wakakutana katikati. Inaishia kwa Asdiwal kukwama mlimani, asiweze kupanda wala kushuka kwa sababu amesahau viatu vyake vya theluji, akageuka jiwe. Kati ya mwanzo na mwisho huo, uchambuzi unakwenda katika ngazi nne: jiografia, uchumi, jamii na ulimwengu wa juu na chini. Mwanafunzi asiyejua ni lini samaki hupanda mtoni, au kwamba nasaba ya Watsimshian hufuata upande wa mama, hatauona uzito wa mume anayehamia kwa wakwe zake. Wape taarifa hizo kwenye ukurasa mmoja kabla ya kusoma. Kisha waonyeshe hitimisho lenye utata zaidi la uchambuzi huo, kwamba kisasili hakiakisi jamii kama ilivyo, bali hujaribu mipangilio ambayo jamii haina na kuonyesha kwamba inashindikana.

Kutoka kisasili hadi sheria na ibada

Dini si simulizi peke yake, na kipindi kinachoishia kwenye visasili hakijatenda haki. Matini ninayoipendekeza kwa hatua hii ni sura ya 11 ya kitabu cha Walawi, ikisomwa pamoja na hoja ya mwanaanthropolojia Mary Douglas ya mwaka 1966. Chora jedwali lenye mistari miwili ya sifa: kwato zilizopasuliwa na kucheua. Mnyama mwenye sifa zote mbili analiwa. Ngamia, wibari na sungura wanatajwa kuwa wanacheua lakini hawana kwato zilizopasuliwa. Nguruwe anazo kwato lakini hacheui. Kwa viumbe vya majini sifa ni mapezi na magamba. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba waliokatazwa na kutajwa kwa majina chini ya kanuni ya kwato na kucheua ni wale wenye sifa moja bila ya pili, walio nusu ndani na nusu nje ya kundi. Hoja ya Douglas ilikuwa kwamba unajisi ni kile kisichokaa mahali pake katika mpangilio, na kwamba utakatifu katika matini hiyo unahusu ukamilifu wa kila kitu katika aina yake.

Mambo mawili hutokea darasani hapa. La kwanza, mtu atasema kwamba sungura hacheui kibayolojia. Ni kweli kwamba hana tumbo la mnyama acheuaye, lakini mpangilio unaochunguzwa ni wa matini, nao umejengwa juu ya kile kilichoonekana kwa waliouandika. La pili, mtu atakumbuka sungura wa mwezi na kuuliza kama mnyama huyu ni ishara ya kifo na unajisi duniani kote. Swali hilo ni zawadi kwa mwalimu. Katika simulizi ya Wakhoekhoe sungura anasimama dhidi ya mdudu kwa mwendo. Katika Walawi anasimama dhidi ya nguruwe kwa kwato na kucheua. Ni mnyama mmoja mwenye thamani mbili tofauti, kwa kuwa mifumo ni miwili. Baada ya mfano huo ni nadra kumsikia mwanafunzi akisema kwamba kinyonga “anamaanisha” ubaya.

Waambie pia kwamba Douglas aliirekebisha hoja yake kwa kiasi kikubwa katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu Walawi. Mwanafunzi anayejua hilo hataichukulia hoja ya 1966 kama sheria.

Kwa upande wa ibada, Arnold van Gennep alibainisha mwaka 1909 hatua tatu za ibada za mpito: kutengwa, kuwa kizingitini na kuunganishwa tena. Mwaka huohuo Robert Hertz aliandika kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto. Wote wawili wasomwe kwa ufupi kama watangulizi. Panapohitajika mfano wa jinsi jozi inavyoweza kupinduliwa, chukua makala ya Rodney Needham ya mwaka 1960 kuhusu Mugwe wa Wameru wa Kenya, kiongozi wa kidini ambaye mkono wake wa kushoto ndio mtakatifu, ingawa kwa jumla wa kulia ndio wenye hadhi. Needham alitegemea taarifa zilizokusanywa na mtafiti mwingine, na darasa linaweza kujadili ni kiasi gani mtu aliyeko mbali anaruhusiwa kujaza mapengo ya jedwali kwa kukisia.

Wanafunzi wenye imani

Mwanaanthropolojia Edmund Leach alichapisha mwaka 1962 uchambuzi wa kitabu cha Mwanzo akikichukulia kama kisasili. Alisema kwamba uumbaji wa siku saba, bustani ya Edeni, na Kaini na Abeli ni simulizi tatu zinazorudia ujumbe mmoja kwa vipengele tofauti, na kwamba marudio hayo ndiyo yanayouwezesha ujumbe kufika licha ya kelele za njiani. Uchambuzi huo unafundishika vizuri, lakini kuuleta wiki ya kwanza ni kuwaomba baadhi ya wanafunzi wajilinde badala ya kufikiri. Uletwe wakati wamekwisha kuimiliki mbinu.

Hata wakati huo, eleza mpaka wa mbinu bila kuzungukazunguka. Umuundo hauulizi kama simulizi ni ya kweli, kama Mungu alisema, au kama tukio lilitokea. Unauliza vipengele vimepangwaje. Mwenye imani anaweza kulikubali jedwali lote na imani yake ikabaki ilivyo. Asiye na imani naye hapati katika jedwali hilo silaha ya kumshambulia mwenzake. Neno “kisasili” lenyewe huumiza baadhi ya wasikilizaji, kwa hiyo mwalimu atumie “simulizi” au “matini” anapozungumzia maandiko ambayo mtu aliye mbele yake anaswali au kusali kwayo. Sidhani kwamba kufanya hivyo kunapunguza ukali wa kitaaluma hata kidogo.

Kuupa ukosoaji nafasi yake

Mwanafalsafa Paul Ricoeur alijadiliana na Lévi-Strauss mwaka 1963, na pingamizi lake linawafaa wanafunzi wa dini kuliko mengine yote. Alihoji kama mbinu iliyofaulu kwa jamii ambazo visasili vyake ni mpangilio wa tofauti inaweza kufaulu vilevile kwa mapokeo kama yale ya Waebrania wa kale, ambapo maana imefungamana na historia inayosomwa upya kizazi baada ya kizazi. Lévi-Strauss naye alisita kuichambua Biblia, akitaja kwamba matini imepangwa upya na wahariri na kwamba taarifa za kiethnografia zinazohitajika hazipatikani. Wanafunzi waulizwe: je, Leach alipaswa kusita pia?

Pingamizi la mwanaanthropolojia Clifford Geertz, kwamba Lévi-Strauss ameondoa hisia na historia na kubakiza akili inayopangapanga, lifundishwe pamoja na pingamizi la mwanafalsafa Jacques Derrida la mwaka 1966, ingawa hili la pili lahitaji wasomaji waliokomaa. Ninalopendelea zaidi ni mjadala juu ya Waluba wa Kongo. Mwanaanthropolojia Luc de Heusch, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alisoma simulizi ya kuanzishwa kwa ufalme wao kama mfumo wa jozi: Nkongolo, mfalme mkatili anayelala na dada zake, anayekula hadharani na kulewa, na Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni kutoka mashariki, mwenye adabu, asiyekula mbele za watu. Jan Vansina, aliyetumia maisha yake kuzichukulia simulizi za mdomo kama chanzo cha historia, alijibu mwaka 1983 kwa kuuliza kama uzuri wa uchambuzi ni ushahidi. Ligawe darasa pande mbili, upande mmoja umtetee de Heusch na mwingine Vansina, kisha katikati ya kipindi uwabadilishe. Kila upande utakiwe kutaja ushahidi gani ungeufanya ukubali kwamba umekosea. Upande unaoshindwa kutaja ushahidi huo umekwisha kuonyesha udhaifu wake.

Insha ya mwisho na usahihishaji wake

Insha ya mwisho iwe na matini mpya ambazo hazikujadiliwa darasani, angalau matoleo mawili, na iambatane na kadi au jedwali alilolitengeneza mwanafunzi, ili msahihishaji aone kazi ilivyofanyika. Matini ziwe na taarifa fupi kuhusu jamii zilikotoka. Mwanafunzi aeleze kipi hakikubadilika, kipi kilibadilika, na badiliko gani linafuatana na lingine. Kisha aandike aya moja inayotaja toleo la namna gani, likipatikana, litaupindua uchambuzi wake.

Katika kusahihisha, orodha ndefu ya jozi kinzani isiyoonyesha uhusiano kati yake isipewe zaidi ya alama ya kupita, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha nzuri. Makosa mengine mawili hujirudia kila muhula. Wapo wanaomalizia kila uchambuzi kwa “maumbile dhidi ya utamaduni”, kwa sababu ndiyo jozi waliyoisikia zaidi; waandikie pembeni mwa karatasi waonyeshe ni kadi ipi iliyowafikisha hapo. Wapo pia wanaogeuza simulizi kuwa fundisho la maadili, kinyonga akiwa mvivu na sungura mwongo. Hao warudishwe kwenye kadi zao za mwanzo, wafute kila neno la hukumu, na wapewe nafasi ya kuandika upya kabla alama haijatolewa.